Vikagua tahajia kwa insha ya kuombea chuo: Word, LibreOffice, Google Docs na Grammarly kwenye mizani

Chukua sentensi hii, ya aina inayojaa kwenye insha za kuombea chuo: “I was the principle organiser of the event and I lead twelve students form our collage.” Ina makosa manne. Principle ilipaswa kuwa principal, lead iwe led, form iwe from, na collage, ambayo ni picha inayotengenezwa kwa kubandika vipande vya karatasi, iwe college. Iandike kwenye LibreOffice iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, au kwenye kisanduku cha kivinjari chenye kamusi ya aina hiyohiyo, na mstari mwekundu utatokea mahali pamoja tu: chini ya organiser. Neno ambalo mwanafunzi wa Tanzania au Kenya ameliandika sawasawa, kwa s ya Kiingereza cha Uingereza kama alivyofundishwa, ndilo pekee linaloshtakiwa. Yale manne yanapita salama.

Sababu ni kwamba kikagua tahajia cha kawaida huuliza swali moja: je, neno hili limo kwenye orodha yangu? Likiwemo, kinasonga mbele. Kama neno liko mahali pake au limepotea njia, hilo si swali lake. Kwa hiyo programu hizi nne tumezipima kwa kigezo hicho. Je, mtu anayewaza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, ipi itamshika mkono pale anapokosea kweli? Kazi tuliyoiweka mezani ni maombi ya vyuo vya nje, yale yanayopitia Common App kwa vyuo vya Marekani na UCAS kwa vyuo vikuu vya Uingereza.

Nafasi kwenye fomu hizo ni finyu. Insha kuu ya Common App ni kuanzia maneno 250 hadi 650, na maelezo ya kila shughuli uliyofanya nje ya darasa yana herufi 150 tu. UCAS inakupa herufi 4,000 pamoja na nafasi za katikati, na kwa wanaoomba kuanza masomo 2026 na kuendelea, herufi hizo zimegawanywa kwenye maswali matatu, kila jibu lisipungue herufi 350. Ndani ya herufi 150, neno moja lililokosewa huonekana kama doa kwenye kanzu nyeupe.

Makosa yetu yana chanzo chake

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina sauti za irabu zaidi ya mara mbili ya hizo, na sikio lililozoea tano huzikusanya kwenye vikapu vitano. Live na leave zinaangukia kikapu kimoja. Vivyo hivyo fill na feel, this na these, hat na hut, work na walk, want na went kwa wengi wetu. Mkono huandika kile sikio linachokumbuka. Kwa wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l, ongeza play na pray, collect na correct, glass na grass. “I leave with my grandmother in Tanga” ni sentensi ambayo kila neno lake la Kiingereza limo kwenye kamusi, na maana yake imegeuka: bibi na mjukuu wanaondoka, hawaishi pamoja.

Makosa ya kuunganisha, kama alot, infact, inorder na aswell, hayatusumbui hapa. Hayamo kwenye kamusi za programu hizi, na zote nne huyapigia mstari papo hapo. Vilevile usihangaike kubadilisha kila s kuwa z kwa sababu unaomba Marekani. Wasomaji wa maombi kule wanaijua tahajia ya Uingereza. Kinachoudhi ni kuchanganya, organise kwenye aya ya kwanza na organize kwenye ya tatu. Chagua moja, iweke kwenye mipangilio ya programu, ubaki nayo. Majina rasmi tu ndiyo hubaki kama wenyewe wanavyoyaandika, Center ikiwa Center, Centre ikiwa Centre.

Microsoft Word

Word ya kwenye Windows ndiyo tunayoiweka mbele, ila si kwa namna inavyokuja kutoka kiwandani. Fungua File, kisha Options, kisha Proofing. Utakuta visanduku vimetiwa tiki tayari: puuza maneno ya herufi kubwa, puuza maneno yenye tarakimu, puuza anwani za intaneti. Cha kwanza ndicho kinachowaumiza waombaji wetu, kwa sababu wengi wamezoea kujaza fomu kwa herufi kubwa tupu. Jina la shule, cheo, tuzo, vyote vikiandikwa kwa herufi kubwa, Word haivitazami kabisa. NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, ikiandikwa NETCA inapita. SECERTARY inapita. Ondoa tiki hiyo kabla hujaandika neno la kwanza. Mistari itaongezeka kwenye vifupisho vya kweli, na hilo ni sawa, kwani ndivyo vinavyotakiwa kusomwa herufi kwa herufi.

Hatua ya pili ni lugha. Bonyeza Ctrl na A kuchagua maandishi yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, chagua Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, na hakikisha kisanduku cha “Do not check spelling or grammar” hakina tiki. Hili linapuuzwa sana. Aya iliyonakiliwa kutoka waraka mwingine huja na lugha yake mgongoni. Ikiwa kule ilizimiwa ukaguzi, hata huku itakaa safi bila mstari hata mmoja, na usafi huo ni wa uongo. Ukiona aya nzima haina mstari huku imejaa majina ya Kiswahili, shuku mara moja.

Sasa jambo linaloifanya Word ishinde. Ina faili la maneno ya kukataliwa, yaani maneno sahihi ambayo wewe unaiamuru iyapigie mstari kila yanapotokea. Fungua kidirisha cha mafaili, kwenye upau wa anwani andika %AppData%\Microsoft\UProof, ubonyeze Enter. Humo kuna faili liitwalo ExcludeDictionaryEN0409.lex kwa Kiingereza cha Marekani, na EN0809 kwa cha Uingereza. Lifungue kwa Notepad, andika neno moja kila mstari, kwa herufi ndogo, hifadhi, kisha funga Word na uifungue upya. Orodha tunayopendekeza kuanza nayo ni form, collage, principle, lead, leave, fill, defiantly, manger, costumer, massage, untied, loose, pray, glass, quite na pubic. Hilo la mwisho ni public iliyoangusha l, na ni aibu kubwa kwenye insha ya mtu anayetaka kusoma afya ya jamii. Manger, hori la kulishia ng’ombe, ni manager iliyopoteza a. Untied hugeuza United Nations kuwa mataifa yaliyofunguliwa kamba.

Mambo mawili huharibu kazi hii. Kwanza, faili hilo halijiongezei maumbo mengine ya neno, kama wingi wake. Ukikataa massage, massages itapita, hivyo iandike nayo. Pili, ukiweka maneno mengi mno kila ukurasa utakuwa mwekundu, na macho yakizoea wekundu huacha kuuona. Maneno 15 hadi 25 yanatosha. Ndiyo, form itapigiwa mstari hata kwenye Form Four yako. Vumilia, ni sekunde mbili za kutazama.

Kinyume cha faili hilo ni kitufe cha Add to Dictionary. Insha ya mtu wa kwetu ina Mwanaisha, Kigamboni, harambee, Kiswahili, na yote hupigiwa mstari. Mtu anachoka, anabonyeza Add, Add, Add, na katikati ya msururu huo analibariki neno lililokosewa. Tangu siku hiyo programu italinyamazia daima. Kusahihisha, rudi Proofing, Custom Dictionaries, Edit Word List, ulifute. Bora zaidi, tumia Ignore All, ambayo huishia kwenye waraka huohuo.

LibreOffice

Ni ya bure, haihitaji intaneti ikishasakinishwa, na inaendeshwa vizuri na kompyuta za zamani. Ukaguzi wake wa muktadha ni dhaifu, kama sentensi yetu ya mwanzo ilivyoonyesha. Hata hivyo ina vitu viwili tunavyovipenda. Kuna kamusi ya Kiswahili cha Tanzania, hivyo unaweza kuchagua neno kama ugali au madrasa ndani ya insha ya Kiingereza, ukaliwekea lugha yake kupitia Tools, Language, For Selection, na likakaguliwa kwa kamusi yake badala ya kulaumiwa na ya wenzake. Na ile mbinu ya maneno ya kukataliwa ipo pia. Kwenye mipangilio ya lugha, sehemu ya Writing Aids, unaunda kamusi mpya na kuitia alama ya Exception. Hapa unaweza hata kuandika neno mbadala: form upande mmoja, from upande wa pili, nayo itakupendekezea. Kwa asiye na Word, hii haina upungufu wa kumkosesha chuo.

Google Docs

Tunaishauri kwa sababu moja kubwa, nayo si tahajia. Mwalimu au ndugu anayejua Kiingereza anaweza kuingia kwenye insha akiwa Mwanza nawe uko Moshi, akaandika mapendekezo yanayoonekana kwa rangi bila kugusa maandishi yako. Kuhusu tahajia yenyewe, mstari mwekundu ni wa neno na wa bluu ni wa sarufi, na wa bluu mara nyingine hukamata form iliyokaa mahali pa from. Mara nyingine tu. Usiujengee nyumba.

Weka lugha kupitia File, Language, hasa kama akaunti yako ya Google iko kwa Kiswahili. Kisha nenda Tools, Preferences, uzime “Automatically correct spelling”. Kipengele hicho hubadilisha neno ukiwa bado unaandika, na neno linalobadilishwa kirahisi zaidi ni jina la mtu au la kijiji. Ukiwa unaandikia simu, uzime pia urekebishaji wa kiotomatiki kwenye kibodi. Kibodi ya Kiingereza ikikutana na jina la Kiswahili, hulisukuma kwenye neno la Kiingereza lililo karibu nalo.

Grammarly

Toleo la bure linatosha. Tunasema hivyo waziwazi kwa sababu wazazi huombwa hela ya toleo la kulipia wakidhani ndilo litakaloondoa makosa ya tahajia. Tahajia, sarufi na alama za uandishi za kawaida zimo kwenye la bure. Kinacholipiwa zaidi ni kuboresha mtindo na kuandika upya sentensi, na hicho ndicho mwombaji wa chuo hapaswi kukigusa. Kanuni za Common App huhesabu kuwa udanganyifu kuwasilisha kazi ya akili bandia kana kwamba ni yako, na UCAS nayo imeonya hivyohivyo. Pendekezo la kubadilisha principle kuwa principal lipokee. Pendekezo la kukuandikia aya upya lifunge.

Kwa makosa ya muktadha, live na leave, lead na led, hii ndiyo yenye jicho kali kuliko wenzake watatu. Ichagulie kwanza lahaja ya Kiingereza kwenye akaunti, la sivyo itakurudisha kwenye ugomvi wa s na z. Kiongezi chake cha kivinjari hufanya kazi ndani ya visanduku vya fomu, jambo linalosaidia kwenye zile herufi 150. Lakini maandishi husafirishwa hadi kwenye seva zao ili yakaguliwe. Kwenye ukurasa wa namba ya pasipoti na taarifa za wazazi, kizime.

Kuhusu kikagua cha kivinjari chenyewe: Firefox, isipobadilishwa, hukagua visanduku vya mistari mingi tu. Kisanduku cha mstari mmoja, ambamo huandikwa jina la shule, jina la tuzo na mji, hakikaguliwi. Kwa hiyo ukurasa usio na mstari mwekundu haujathibitisha chochote.

Mahali ambapo zote nne huanguka

Ni kwenye majina. Hapa hakuna programu ya kusifia.

Johns Hopkins ina s kwenye Johns, kwa kuwa hilo lilikuwa jina la kwanza la mtu ambaye chuo kimepewa jina lake. John Hopkins ikiandikwa, kila neno ni halali, na kosa linabaki. Carnegie Mellon ikipoteza l inakuwa tikiti maji au ndugu yake, melon, neno safi la kamusi. Columbia ya New York ikipata o badala ya u inakuwa nchi ya Amerika Kusini. University of St Andrews haina kibainishi (’), King’s College London inacho. Cambridge kuna Queens’ College, kibainishi baada ya s kwa kuwa malkia waliokifadhili walikuwa wawili, Oxford kuna The Queen’s College, malkia mmoja. Oxford ni Magdalen, Cambridge ni Magdalene. Oxford ni St Catherine’s, Cambridge ni St Catharine’s.

Halafu kuna vyuo pacha kwa jina, si kwa kitu kingine. University of Pennsylvania na Pennsylvania State University ni vyuo viwili mbalimbali. Northwestern iko Evanston, Illinois, Northeastern iko Boston. Washington University iko St. Louis, University of Washington iko Seattle. Miami University iko mji uitwao Oxford, Ohio, wala si Florida. Dawa ni moja: fungua tovuti ya chuo, nakili jina, bandika. Usiliandike kwa kumbukumbu hata mara moja. Unapotumia insha moja kwa vyuo kadhaa, bonyeza Ctrl na F utafute jina la kila chuo kingine ulichoomba. Likijitokeza mahali pasipo pake, umejiokoa. Kwa UCAS jambo hili ni rahisi, maana maelezo yaleyale huenda kwa vyuo vyote vitano unavyoruhusiwa kuchagua, hivyo usitaje chuo chochote ndani yake.

Jina lako mwenyewe ni zito kuliko yote hayo. Cheti cha NECTA kinasema Mohamedi, pasipoti Mohamed, cheti cha kuzaliwa Muhammad. Fatuma, Fatma. Saidi, Said. Mtaani ni mtu mmoja. Kwenye mfumo unaounganisha fomu ya chuo na alama za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, au za mtihani wa Kiingereza, ni watu watatu, na alama zinakaa bila mwenyewe mpaka mtu azitafute kwa mkono. Shika pasipoti kuwa ndiyo kipimo, herufi kwa herufi, kuanzia siku ya kujiandikisha mtihani wa kwanza. Tazama pia mpangilio: pasipoti hutenga jina la ukoo na majina uliyopewa, ilhali sisi tumezoea kuandika jina letu, la baba na la babu kwa mfululizo. Kama vyeti vinapishana na pasipoti, anza kushughulikia hati ya kiapo au marekebisho mapema, si wiki ya mwisho.

Barua pepe nayo haikaguliwi na yeyote, kwa kuwa programu zinaruka anwani makusudi. Nakili anwani kutoka kwenye fomu yenyewe, usiiandike upya, na ujitumie ujumbe. Ukifika, iko sawa.

Wanaojaziwa fomu na mtu wa steshenari au saiba wana hatari ya ziada, maana anayechapa hamjui mwombaji wala shule yake, na nyuma yake kuna foleni. Nenda na karatasi uliyoandika kila kitu kwa herufi za kuchapa, na usiondoke kabla hujaona fomu nzima kwenye skrini, wewe mwenyewe, kabla ya kubonyezwa kitufe cha kutuma. Kwenye Common App kuna onyesho la awali la fomu, la PDF, kabla ya kutuma. Lichapishe. Baada ya kutuma kwa chuo, nakala ya chuo hicho hairekebishiki tena, ingawa unaweza kuisahihisha insha kwa vyuo ambavyo bado hujavitumia.

Mpangilio tunaoupendekeza

Andika kwenye Word au LibreOffice ukiwa umeweka lugha na orodha ya kukataa. Mpe mtu asome kupitia Google Docs. Pitisha Grammarly ya bure mara moja, mwishoni, ukipokea mapendekezo moja moja.

Kisha soma mara mbili kwa namna mbili, kwa kuwa kila namna ina upofu wake. Ya kwanza ni kusikiliza: kwenye Word, Review, Read Aloud, huku ukifuata kwa kidole. Sauti ya kompyuta hutamka form na from tofauti, na leave na live tofauti, hata kama sikio lako limezoea kuziunganisha. Lakini principal na principle, their na there, haitazitenganisha kwa kuwa zinatamkwa sawa. Ya pili ni kusoma karatasini kutoka sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, ili akili isikimbilie maana. Hapo ndipo hizo zinazotamkwa sawa huonekana. Ruhusu usiku mmoja upite kati ya kuandika na kusoma huku. Ukishabandika insha kwenye fomu, ifungue tena hapohapo na uisome mara ya mwisho, ukianza na kisanduku cha jina.